Mjumbe wa Nchi Inayozama

Mimi nilipewa visiwa. Wenzangu walipewa mataifa yenye manowari na viwanda, mataifa ambayo mtu akiyataja hata mtoto wa darasa la pili anatikisa kichwa, mimi nikapewa nchi ya visiwa vidogo katikati ya bahari. Niliitafuta kwenye ramani ya simu, nikaivuta na kuivuta mpaka ikatokea nukta. Nikamwendea mratibu wa mkutano nikamwambia kwamba bahari sijawahi kuiona hata kwa mbali, nimezaliwa Bahi nikakulia Bahi, na maji makubwa ninayoyajua ni ya bwawa letu, yale yanayokuja miaka ya mvua nzuri kisha yakaondoka bila kuaga. Akacheka. Akasema ndiyo maana ya kuigiza.

Ulikuwa mkutano wa vijana, wengi wa vyuo na wachache wa kidato cha sita, wa kuigiza mkutano mkuu wa dunia. Unakaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi yako, unavaa koti la kuazima, unazungumza kama balozi, na mwishoni mnapiga kura kupitisha azimio. Mada ya mwaka ule ilikuwa maji ya bahari yanayopanda na watu wanaohamishwa nayo. Sheria kubwa kuliko zote, ile tuliyokaririshwa kwenye semina, ni kwamba mjumbe hasemi "mimi". Mjumbe husema "nchi yangu", husema "ujumbe wangu unaona". Ukisema mimi, mwenyekiti anagonga nyundo na unakatishwa. Mama yangu anasema nilizaliwa nikidai changu, kwa hiyo ilinichukua muda. Lakini nilijifunza.

Ukumbi tuliokodishiwa ulikuwa Kizota, Dodoma mjini, jirani na mafundi wa kuchomelea mageti. Kila mara mjumbe alipofika kwenye neno zito, amani ya dunia au mustakabali wa vizazi, msumeno wa chuma ulilia ng'ambo ya ukuta na tukasubiri umalize. Tena mji wenyewe ni wa Bunge, na vijana wengi pale walikuwa wamekulia kwenye redio ya Bunge. Semina ilitufundisha adabu ya kimataifa, lakini mjadala ulipopamba moto watu walisahau mataifa yao wakagonga meza, wakasimama na kupaza sauti, "Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa!" Balozi wa nchi ya theluji akaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mwenyekiti, binti anayesoma sheria, mwenye sauti ya kukata, alijaribu kukataza mwanzoni, kisha naye akaanza kusema, "Taarifa hiyo unaipokea?"

Ningekuwa na moyo mweupe ningecheka mpaka mbavu ziume. Sikuwa nao. Moyo wangu ulikuwa Bahi.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama ilikuwa inalipiza kisasi. Kwetu ni nchi kavu, hilo kila mtu analijua, na mtu wa nchi kavu ana adabu moja na mvua: haisemwi vibaya. Hata ikiloweka uwele ulioanikwa, hata ikibomoa choo, unanyamaza, maana umeiomba mwenyewe. Nilipokuwa mdogo niliwahi kusema "mvua hii inakera" nikiwa mlangoni, na baba akaniamuru nitoke nje niombe radhi. Nilisimama uani nikalowa chapachapa, nikaomba radhi kwa sauti, na baba alikuwa ananiangalia bila kucheka. Huyo ndiye baba yangu.

Na mvua yenyewe haikuwa ya kwetu peke yetu. Mto unaojaza bwawa letu unashuka kutoka upande wa Kondoa. Kwa hiyo huko milimani ikinyesha leo, sisi huku bondeni tunasubiri maji yatufikie kwa miguu yake. Kwanza yalikuja yale ya furaha. Majaruba ya mpunga yakajaa, kambale wakaonekana, watu wakatoa mitumbwi iliyokuwa imegeuzwa mabanda ya kuku. Kisha yakaendelea kuja. Yakavuka majaruba, yakavuka barabara ya kuingia kijijini, bodaboda zikagoma. Asubuhi ya kufungua mkutano mama akanipigia kuniambia yamefika zizini. Yeye na wadogo zangu walikuwa wamehamia kwa mjomba, kule juu karibu na stesheni. Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa huko mapema.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba yako yuko nyumbani."

"Nyumbani kwa mjomba?"

"Nyumbani kwake," mama akasema, na kwa jinsi alivyovuta pumzi nikajua wameshabishana mpaka maneno yakaisha. "Mvuvi wa jirani kamfuata na mtumbwi, baba yako kamrudisha mikono mitupu. Mjomba wako kaenda, naye karudishwa. Anasema mvua tumeiomba miaka yote, leo imekuja aikimbie? Kakaa kitandani kama bwana harusi."

Nyumba yetu ni ya matofali mabichi. Baba aliyafyatua mwenyewe, udongo na majani na jua la Dodoma, akajenga, akauza ng'ombe akaezeka bati, na siku ile bati la mwisho lilipopigwa msumari alimwita kila mpita njia aje aangalie. Mtu yeyote aliyejenga kwa tofali bichi anajua maji yakikaa chini ya ukuta kinachotokea. Ukuta haukuonyi. Unanywa, unanywa, kisha unaketi chini wote kwa pamoja, na bati juu yake. Baba alikuwa ndani ya ukuta unaokunywa, na mimi nilikuwa Kizota nimevaa koti la kuazima, nikisubiri kuwakilisha visiwa.

Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Maji yamefika wapi, baba?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Yapo yanapotaka kuwa. Wewe soma."

"Baba, nakuomba utoke."

"Unamwambia nani atoke?" akauliza taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akakata. Kwetu mtoto hamwambii baba yake aondoke kwenye nyumba yake, mtoto wa kike ndiyo kabisa. Nililijua hilo kabla ya kupiga, na bado nilipiga, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nilitaka kuondoka siku ileile. Mama akanikataza. Akasema barabara imekatika, nitafika nisimame juu ya tuta niyaangalie maji kama wenzangu wanavyoyaangalia, na baba akiniona nimeacha shule kwa ajili yake atakaa hata zaidi. Alisema kweli na nilimchukia kwa kusema kweli. Nikarudi ukumbini nikakaa nyuma ya kibao changu.

Mbele yangu alikaa mjumbe wa taifa kubwa la viwanda. Huyo lazima nimweleze. Alikuwa kijana wa Iringa, Mhehe, mrefu, koti lake fupi mikononi. Tulijuana kwenye semina, pale aliponisikia nikiongea Kigogo kwenye simu. Nilipomaliza akachukua soda iliyokuwa mezani kwangu, akaifungua, akanywa. "Kumbe Mgogo," akasema. "Basi hii ni yangu." Nikamwambia afadhali anywe soda, maana Wahehe wanasifika kwa kula mbwa, na mbwa wa Dodoma wameanza kuhesabiana kwa kumwogopa. Akacheka mpaka soda ikampanda puani. Kama hujakulia kwenye utani utaona tulitukanana. Sisi tulikuwa tumesalimiana. Mhehe na Mgogo ni watani toka enzi za mababu. Mtani anachukua chako bila kuomba, anakwambia usoni usichoweza kuambiwa na ndugu, na ukifa yeye ndiye anayekuja kufanya mzaha kaburini ili waliobaki wapate kupumua.

Ukumbini, hata hivyo, alikuwa adui yangu. Kanuni zetu zililipa taifa lake kura ya turufu, na rasimu yangu ya azimio ilitaka mataifa ya viwanda yawapokee watu wa visiwa vinavyozama. Kila kifungu nilichosoma alinyanyua kibao. "Nchi yangu inasikitishwa sana," alikuwa akisema, mkono kifuani, "lakini nchi yangu ingependa neno 'itawapokea' libadilishwe liwe 'itaangalia uwezekano wa kuwapokea kwa wakati muafaka.'" Meza zikagongwa. Alikuwa anaigiza vizuri kweli, na siku ile nilitamani kumpiga na kibao.

Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya chai, binti mmoja Mrangi wa Kondoa alikuwa anaongea na simu huku anatabasamu. Alipokata akatuambia, kwa furaha ya mtu anayewapenda wenzake, kwamba kwao imenyesha usiku kucha, mvua ya baraka, mto umejaa mpaka watoto hawajaenda shule. Watu wakasema alhamdulillahi, wakasema Mungu ni mwema. Nami nilisema, mdomo wangu mwenyewe nikausikia ukisema Mungu ni mwema. Nilikuwa najua yale maji yanakwenda wapi. Nilikuwa nayaona njiani yakishuka.

Pembeni, kwenye meza yenye kitambaa, alikuwa mgeni rasmi wa siku hiyo, mtu mzima mwenye wadhifa serikalini. Alikuwa ametuhutubia kwamba changamoto ni fursa. Nilimwendea. Sikuwa na mpango. Mtu anayezama hapangi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, naomba msaada. Maji yamezingira nyumba yetu na baba yupo ndani hataki kutoka. Mvua imenyesha tena juu, maji yanakuja. Kama kuna boti ya serikali, kama kuna mtu anayeweza kumwamuru, naomba mzee wangu."

Akaweka kikombe chini. Akaniangalia kwa macho ya huruma kabisa, nikadhani nimepona. Kisha akasoma beji iliyoning'inia kifuani kwangu, yenye jina la nchi ya visiwa, na uso wake wote ukafunguka.

"Aisee!" akawageukia waliokuwa naye. "Mmemsikia huyu binti? Hata kwenye chai hatoki kwenye nafasi yake! Hawa ndio vijana tunaowataka." Akanishika bega. "Endelea hivyohivyo, mheshimiwa balozi."

Mpiga picha akatupiga. Picha hiyo ipo, nimeiona baadaye: yeye anacheka, mimi nimefumbua mdomo.

Nilijaribu kusema hapana, nikasema, "Mzee, ni kweli." Akasema, "Ni kweli kabisa, watu wanateseka," na mtu akaja kumwita, akaondoka.

Basi kikao kikafunguliwa na nikapewa nafasi ya kuzungumza. Hotuba yangu ilikuwa mezani, imechapwa, inaanza na "Nchi yangu inatoa shukrani". Nikasimama bila kuisoma. Ng'ambo ya ukuta msumeno ulikuwa umenyamaza. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi."

Mwenyekiti akanyanyua nyundo.

"Mimi," nikasema tena, "baba yangu yuko ndani ya nyumba ya tofali bichi na maji yamefika mlangoni. Nimemwomba atoke, amekata simu. Mama ameshindwa. Mjomba ameshindwa. Leo mvua imenyesha huko juu na haya maji yatamfikia akiwa kitandani. Siombi azimio. Naomba kama kuna mtu humu ndani anamjua mtu mwenye uwezo, ampigie. Sasa hivi. Nawaomba."

Nyundo haikushuka. Nilimwona mwenyekiti akiiweka mezani polepole, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nikaamini kwamba wamesikia. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kugonga meza, akafuata mwingine, na ukumbi mzima ukagonga meza, mabalozi wakasimama, nchi ya theluji ikapiga mluzi. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba ingawa mjumbe amevunja kanuni, kiti kinaruhusu, kwa kuwa mjumbe ametufanya tuione sura ya mwanadamu nyuma ya takwimu.

Nililia mbele yao. Wakagonga zaidi. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata siku nilizokuwa peke yangu kweli.

Mtu mmoja hakugonga. Mjumbe wa taifa kubwa la viwanda alikuwa amegeuka kitini ananiangalia, na uso wake haukuwa na mchezo. Akanyanyua kibao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa."

"Taifa kubwa, endelea."

"Naomba kumuuliza mjumbe. Haya anayoyasema ni ya visiwa au ni ya kwake?"

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema swali hilo halihusiani na mada, akamwomba akae. Hakukaa. Alitoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya meza, jambo ambalo kanuni hazikuliruhusu kabisa, akanishika mkono akanitoa nje mpaka kwenye kibanda cha mama wa chai.

"Ni kweli?"

Nikatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema maisha yake yote amefundishwa kitu kimoja, kujua mzaha unapoishia, kwa sababu mtani asiyejua hapo ni mtukanaji tu. "Wewe hukuwa unaigiza," akasema. "Wewe huwezi hata kuigiza. Kwenye semina ulikuwa mbovu."

Pale kibandani hakunipa pole. Aliniuliza baba anasemaje, nikamweleza habari ya mvua na adabu yake. Akafikiri, akabinua midomo, akanyoosha mkono. "Nipe simu. Huyo hawezi kuambiwa na mtoto wala mke wala shemeji. Huyo anamtaka mtani."

Baba alichelewa kupokea. Nilisikia pumzi yake kwanza, kwa kuwa kijana alikuwa ameweka sauti kubwa.

"Mbukwenyi!" kijana akapaza salamu kwa Kigogo kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

"Nani huyo?"

"Mtani wako, Mhehe wa Iringa. Nimesikia kuna msiba Bahi, nauliza mwili uko wapi."

Nikamkamata mkono. Akanisukuma.

"Msiba wa nani?" baba akauliza.

"Wako, mzee. Nimeambiwa kuna Mgogo amekaa kitandani anasubiri maji yamfike shingoni. Sasa mimi ndiye wa kukuzika, na kuogelea sijui. Nikupate wapi humo? Toka ufie pakavu, unirahisishie kazi."

Ikaja sauti ya kukohoa, na nyuma ya kukohoa, kwa mbali, ikaja ile sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mvua ianze. Baba alikuwa anacheka.

"Mla mbwa wewe," akasema. "Simu yangu umeipata wapi?"

"Kwa binti yako. Amelia mpaka hapa Kizota napo kuna mafuriko."

"Mwambie asome."

"Atasomaje? Baba yake hana adabu kwa mgeni."

"Nani hana adabu?" Sauti ikapanda. "Mimi mvua nimeiomba! Siikimbii mimi!"

"Nani kasema uikimbie? Mgeni akija si anapishwa kitanda? Nyie Wagogo mmemwita mgeni miaka yote, mmemlilia, mmemchezea ngoma, leo amefika kachoka na safari, wewe umeng'ang'ania kitanda! Mpishe alale. Nenda kalale kwa shemeji yako kama watu. Akishiba ataondoka, wageni wote huondoka."

Kwenye simu tuliyasikia maji. Hayakuwa na kelele, yalikuwa yanagonga kitu taratibu, labda mguu wa kitanda, labda ndoo. Mama wa chai aliacha kukoroga.

"Na nyumba?" baba akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

Yule kijana akafumba macho. Nadhani hapo ndipo alipoona mzaha umeishia, na mbele yake hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Ifunge, mzee wangu," akasema. "Funga na kufuli, ufunguo ukae nao. Nikija Bahi utanifungulia, na mimi nitachukua nitakachokiona, jogoo, mbuzi, chochote."

"Njoo uchukue," baba akasema. "Nitakufungulia."

Nikampigia mama, mama akamwita mvuvi, na mvuvi akaenda. Kabla ya chakula cha mchana mama alipiga akasema baba amefika, amelowa mpaka kiunoni, amekaa chini ya ukuta wa mjomba hasemi na mtu. Akasema alifunga mlango. Alisimama kwenye maji yanayotembea, akatafuta tundu la kufuli kwa vidole, akafunga, akavuta kuhakikisha, mvuvi anampigia kelele apande.

Niliporudi ukumbini walikuwa wanapiga kura. Azimio langu likapita kwa kishindo, likiwa na "kwa wakati muafaka" yake yote. Nikatangazwa mjumbe bora. Mratibu akaniambia kwamba katika miaka yake yote hajaona uigizaji kama ule, na nikapokea cheti nikasema asante. Mafundi wa mageti walikuwa wameanza tena. Nilikaa nikasikiliza msumeno kwa sababu ulikuwa sauti pekee mle isiyonipongeza.

Maji ya Kondoa yalifika Bahi kama nilivyojua. Mama hakunipigia kuniambia. Nilipompigia mimi akasema wote wazima, akasema ng'ombe wazima, nyumba hakuitaja, na nikaelewa.

Barabara ilipopitika nilikwenda, na yule Mhehe akasema ameahidi, lazima aje. Tulishuka basi, tukapanda bodaboda mpaka ilipokwama, tukamalizia kwa mtumbwi wa mvuvi yuleyule mpaka penye tuta la zizi. Baba alikuwa ametutangulia. Alikuwa anakwenda pale kila siku, mama alisema, anakaa, anarudi jioni.

Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma. Palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo, udongo mwekundu uliolala chini kwa mkao wa vyumba vyetu, na bati zimejikunja juu yake. Ukuta wa mbele haukuwapo. Mlango ulikuwa umeondoka na fremu yake, hatukuwahi kujua ulikokwenda. Nilitaka kulia nikashindwa, nikabaki natafuta kwa macho mahali nilipokuwa nalala.

Tukamwamkia. Baba akaitikia, akamwangalia mgeni kuanzia miguuni.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mwembamba hivyo? Wameisha mbwa?"

Mhehe akacheka, lakini kidogo. Baba akanigeukia mimi. "Huo mkutano wenu wa dunia nzima. Walisemaje kuhusu maji?"

"Walisikitika sana, baba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jamaa wa mbali. "Wamefanya vizuri," akasema.

Kisha aibu ikatuingia, kwa sababu sote tulikuwa tunakumbuka ahadi. Mtani akifika anachukua. Asipochukua amemdharau mwenye nyumba. Nikamwona yule kijana akizungusha macho, akiangalia udongo, akiangalia bati zilizokunjamana, akiangalia maji. Jogoo hakuwapo. Hapakuwa na ndoo wala kigoda.

Baba akaingiza mkono mfukoni. Akatoa ufunguo, umefungwa kwenye kitambaa ili usipate kutu.

"Ulisema ukija nikufungulie," akasema, akamnyooshea.

Mtani hapokei kitu kwa mikono miwili. Mtani ananyakua, anakimbia, anakutukana akiwa mbali. Yule alipiga goti kwenye tope la nyumba yetu, akaupokea kwa mikono miwili.